Renki imeshuka, mchezaji amepanda: namna ya kumfuatilia mchezaji wako kwenye gemu za umeneja wa tenisi

Jumamosi moja jioni dogo mmoja jirani yetu hapa Sinza kaja barazani na laptopu yake, umeme ulikuwa umekatika toka mchana na chaji imebaki asilimia 20, kakaa pembeni yangu kaniambia, "Kaka, huyu mchezaji ameisha, namfuta naanza upya." Nikamwambia tulia kwanza, hebu nione. Mchezaji mwenyewe ni kijana wa miaka 20 ambaye dogo amemlea ndani ya gemu toka ana 17, mwezi wa saba alikuwa nafasi ya 212 duniani na sasa ni mwezi wa kumi kwenye gemu yuko 390 na kitu. Kwa mtu aliyetokea kwenye gemu za mpira wa miguu hiyo ni sawa na timu kushuka daraja. Nikapekua kurasa zake kama dakika kumi hivi, nikamwambia dogo usimfute, huyu anapanda, ila wewe umeng'ang'ania namba moja tu na hiyo namba haijui kusema hilo.

Nimeona wengi wakikwama hapohapo, wanamfuta mchezaji msimu wa pili au wa tatu, halafu wanasema gemu haieleweki. Inaeleweka, ila tenisi inahesabu mambo tofauti kabisa na mpira, na gemu hizi (Tennis Manager ya Wafaransa wa Rebound CG iliyotoka mara ya kwanza 2021, au Tennis Elbow Manager ya Mana Games) zimefuata hesabu ya tenisi ya kweli kwa karibu. Wewe hushiki raketi. Unapanga mazoezi, unachagua mashindano, unalipa tiketi na makochi, halafu unasubiri kuona kijana anakua au anakwama. Sasa kama hujui kusoma kukua kwenyewe, kazi yote hiyo inakuwa ya kubahatisha.

Tuanze na renki, yaani nafasi ya mchezaji duniani, maana ndo inayoumiza watu.

Kwenye ligi yetu msimu ukiisha Yanga na Simba wote wanarudi sifuri, mnaanza upya. Tenisi haina sifuri. Kompyuta ya ATP (chama cha tenisi ya kulipwa ya wanaume), ambayo ilianza kupanga wanaume tarehe 23 Agosti 1973, na ya WTA ya wanawake iliyofuata 1975, zinahesabu wiki 52 zilizopita, zinazunguka tu muda wote. Pointi ulizopata wiki hii zinakaa na wewe mwaka mzima halafu zinaondoka, ndo mana mimi huwa naelezea kwa bando: umenunua GB zako za mwezi, siku ya mwisho ikifika zinayeyuka, kampuni haikuulizi ulikuwa unaumwa au ulikuwa safarini, kama hujanunua nyingine umebaki mkavu. Mchezaji anayecheza wiki ileile ya mwaka jana hatafuti pointi mpya, kwanza anatafuta za kuziba zile zinazoisha. Watu wa tenisi wanaita kutetea pointi.

Na ukubwa wa bando unategemea mashindano. Bingwa wa Grand Slam (yale mashindano manne makubwa kuliko yote: Australia, Roland Garros ya Ufaransa, Wimbledon ya Uingereza na US Open ya Marekani) anachukua 2,000, bingwa wa Masters, ngazi inayofuata, anachukua 1,000, halafu zipo za 500 na 250, chini yake Challenger kuanzia 50 mpaka 175, na huku chini kabisa ambako vijana wetu wote wa kwenye gemu wanaanzia kuna M15, bingwa anapata pointi 15, wa pili 8, aliyeishia nusu fainali 4. Angalia hiyo ngazi vizuri, maana yake mtu akibeba Challenger moja ya 100 amepata zaidi ya mwenzake aliyebeba M15 sita mfululizo.

Turudi kwa dogo. Mwezi wa saba kijana wake alikuwa na pointi 265. Kati ya hizo, 175 zilitoka sehemu mbili tu, alibeba Challenger ya 100 na Challenger ya 75 mwezi wa nane na wa tisa wa mwaka uliotangulia, wiki ambazo wakubwa wengi wapo New York kwa ajili ya US Open na huku chini kunakuwa kwepesi kidogo. Mwaka huu miezi ileile akaumia msuli wa nyuma ya paja, kakaa nje wiki kadhaa, karudi kapata pointi 30. Toa 175, weka 30, unabaki na 120. Hamna kingine kilichotokea, kijana hajasahau kupiga bekihendi, bando limeisha na la kuziba likawa dogo.

Kama unaona hili ni tatizo la gemu basi angalia la kweli. Emma Raducanu wa Uingereza alienda US Open 2021 akiwa wa 150 duniani, akaanzia mechi za kufuzu, akashinda mechi kumi bila kupoteza hata seti moja, kikombe kabeba. Mwaka uliofuata akafungwa raundi ya kwanza palepale, na Jumatatu iliyofuata renki ikatoka nafasi ya 11 mpaka ya 83. Kwa mechi moja. Novak Djokovic wa Serbia yeye ndo kabisa, 2022 alibeba Wimbledon na akashuka kutoka wa 3 hadi wa 7, sababu waandaaji walizuia Warusi na Wabelarusi, ATP na WTA zikaamua mashindano yale hayatoi pointi, kwa hiyo zile 2,000 alizopata mwaka wa nyuma zikaondoka na hamna cha kuziba. Bingwa kashuka nafasi nne na kombe liko mkononi. Nikishamsimulia mtu hii ya Djokovic huwa hanibishii tena kwamba renki sio kipimo cha uwezo.

Renki inafaa kitu kimoja na kwenye hicho ni muhimu sana, inafungua milango. Grand Slam upande wa wanaume ina nafasi 128, kati ya hizo 104 zinaenda kwa renki moja kwa moja, 16 kwa waliopita kwenye kufuzu, 8 ni za kualikwa. Kwa hiyo mtu aliye kwenye 100 bora na mtu wa 120 wanaweza kuwa na uwezo uleule kabisa lakini wanaishi maisha mawili tofauti. Wimbledon 2024 aliyefungwa mechi ya kwanza tu aliondoka na pauni 60,000, US Open mwaka huohuo ilikuwa dola 100,000, wakati M15 zawadi yote ya mashindano mazima, wagawane wote, ni dola 15,000. Kwenye gemu hii ndo inaamua kama akademia yako italipa kochi mzuri au itafunga. Kwa hiyo renki ifuatilie kwa macho ya mlango: bado nafasi ngapi niingie kufuzu Grand Slam (ni kama wa 230 hivi kuja juu), bado ngapi nifike 104. Kati ya mlango mmoja na mwingine, kupanda nafasi 30 au kushuka 30 kusikunyime usingizi.

Na kama unataka kujua msimu huu peke yake unaendaje, tafuta ukurasa wa mbio za msimu, ule unaohesabu toka Januari. Huo ndo unaofanana na msimamo wa ligi, kwenye tenisi ya kweli nane wa juu wa mbio hizo wanaume kwa kawaida wanaenda Turin, Italia, kumalizia mwaka. Watu wengi hawaufungui kabisa, nashangaa.

Sasa tuje kwenye kinachoonyesha kukua.

Cha kwanza mimi naangalia asilimia ya pointi alizoshinda. Sio mechi, pointi, na sio zile za renki, yaani kila mpira uliochezwa mpaka ukaisha. Roger Federer alipoongea na wahitimu wa chuo cha Dartmouth kule Marekani Juni 2024 aliwaambia kitu ambacho mpaka leo nakitumia: kwenye mechi 1,526 za mmojammoja alizocheza alishinda karibu asilimia 80, ila kwenye pointi alishinda asilimia 54 tu. Hamsini na nne! Mtu ambaye wengi wanamtaja kati ya bora waliowahi kuishi, karibu nusu ya pointi alipoteza. Tenisi inahesabiwa kwa geimu na seti (pointi zinajenga geimu, geimu zinajenga seti, seti zinaamua mechi), kwa hiyo faida ndogo sana kwenye pointi inakuzwa inakuwa faida kubwa kwenye mechi. Ndo mana kijana wako akitoka asilimia 49 akafika 51 sio kitu kidogo hata kidogo, hapo katikati ndo kuna tofauti ya mtu anayetolewa raundi ya kwanza kila wiki na mtu anayeonekana robo fainali. Gemu inakuonyesha takwimu hii kila mechi ikiisha, iandike.

Ila asilimia peke yake nayo inadanganya, maana inategemea umecheza na nani. Kijana wa dogo mwaka jana alishinda asilimia 52 ya pointi, wapinzani wake kwa wastani walikuwa wa 340 hivi. Mwaka huu asilimia 49 na kidogo, wapinzani kwa wastani wa 150. Dogo akaona 52 imekuwa 49, akasikitika. Mimi nikaona mtu aliyekuwa anawashinda wa 340 kwa shida, sasa anagawana karibu nusu kwa nusu na wa 150.

Hapo inabidi upate namba inayochanganya vyote viwili, matokeo na ukubwa wa mpinzani. Ipo, na ni ya zamani, inaitwa Elo, kwa jina la Arpad Elo, mwanafizikia wa Marekani mwenye asili ya Hungary aliyeitengenezea mchezo wa chesi, na shirikisho la chesi duniani likaanza kuitumia 1970. Watu wa takwimu za tenisi wanaitumia sana saivi. Wazo lake ni jepesi ukilisikia kwa Kiswahili: kila mchezaji ana namba, kabla ya mechi unaangalia tofauti ya namba zenu, tofauti hiyo inasema mkubwa anatarajiwa kushinda mara ngapi kwenye mia. Tofauti ya 100 ni mara 64, tofauti ya 200 ni mara 76, tofauti ya 400 ni mara 91. Mechi ikiisha mnalipana. Mkubwa akishinda analipwa kidogo kwa sababu ilitegemewa, mdogo akishinda analipwa nyingi kwa sababu haikutegemewa. Ukitumia kiwango cha 32 (namba inayogombewa kwenye mechi moja) ambacho ni cha kawaida, mkubwa aliyekuzidi 200 akikufunga anachukua kama 8 kwako, ukimfunga wewe unachukua 24 kwake.

Gemu yako haikupi Elo za wapinzani, kwa hiyo mimi nafanya hivi, na ni utaratibu wangu tu sio sheria ya mtu: mpinzani aliye ndani ya 50 bora nampa 2,000, mpaka 100 nampa 1,900, mpaka 200 nampa 1,800, mpaka 350 nampa 1,700, mpaka 600 nampa 1,600, huko nyuma 1,500. Utasema si nimerudi tena kwenye renki niliyoisema haipimi uwezo? Ni kweli, kwa mpinzani mmoja renki inaweza kukosea, huyu kapanda kwa bahati, yule ametoka majeruhi yuko chini kuliko anavyostahili, ila ukishacheza na watu 30 makosa hayo yanakatana yenyewe kwa yenyewe. Daftari la kawaida linatosha, au Excel kama umeme upo.

Tukamfanyia kijana wa dogo, mechi baada ya mechi, tochi ya simu inamulika daftari. Msimu uliopita alimaliza kwenye 1,690. Msimu huu kacheza mechi 28, kashinda 11, kafungwa 17, karibu zote na watu wa 1,800. Akikutana na mtu wa hivyo anatarajiwa kushinda kama mara 35 kwenye mia, kwa hiyo kila ushindi unampa 21 na kila kipigo kinamtoa 11, ushindi mmoja unafuta vipigo karibu viwili. Malipo hayo yanabadilika kidogo kila namba yake inapobadilika, akipanda ushindi unalipa kidogo zaidi na kipigo kinauma zaidi, kwa hiyo tukajumlisha mechi kwa mechi mpaka mwisho, akawa kama 1,715. Vipigo 17, renki imeshuka nafasi 180, na kijana ni bora kuliko mwaka jana. Dogo akachukua daftari akahesabu upya mwenyewe, nikamwacha ahesabu.

Kuna kitu kingine ambacho hakiko kwenye hesabu, umri. Kwenye gemu nyingi za umeneja mchezaji ana uwezo wa sasa na kuna dari, yaani kiwango cha juu anachoweza kufika, na hilo dari unaliona kwa kukadiria tu, nyota mbili na nusu mpaka nne, mambo hayo. Waliozoea Football Manager wanalijua hili, kule namba zote mbili zinahesabiwa mpaka 200 na zimefichwa. Kosa ninaloliona ni mtu kudhani mstari wa kukua unanyooka, kwamba akiwa 17 yuko hapa na dari ni pale basi kila mwaka atapanda kipande kilekile. Hapana. Anapanda haraka, anasimama, wakati mwingine mwaka mzima anasimama, halafu anapanda tena, na miguu na pumzi vinakomaa mapema wakati utulivu wa kichwani na uchaguzi wa mipira vinachelewa sana.

Ons Jabeur wa Tunisia ndo mfano ninaoupenda zaidi. Alizaliwa 1994, akabeba Roland Garros ya vijana 2011. Kikombe chake cha kwanza cha WTA alikipata Birmingham, Juni 2021. Hesabu hapo, miaka kumi. Oktoba ya mwaka huohuo akaingia kumi bora, Juni 2022 akawa wa 2 duniani, akacheza fainali za Wimbledon 2022 na 2023. Sasa fikiria mtu amempata Jabeur kwenye gemu yake, miaka sita imepita baada ya ubingwa wa vijana, hajabeba kitu, ni wangapi wangekuwa wameshamfuta? Na Stan Wawrinka Grand Slam yake ya kwanza aliipata Australia 2014 akiwa na miaka 28. Halafu upande wa pili yupo Carlos Alcaraz, namba moja duniani Septemba 2022 akiwa na miaka 19. Wote hao ni ukuaji wa kawaida wa tenisi, kwa hiyo ukimlinganisha kijana wako na Alcaraz kila siku utawafuta wote.

Hata hapa jirani tu Kenya. Angella Okutoyi Januari 2022 alikuwa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mechi ya mmojammoja ya vijana kwenye Grand Slam, kule Australia, na Julai akabeba Wimbledon ya wasichana wawiliwawili na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Baada ya hapo akachagua kwenda chuo, Auburn, Marekani, na 2024 akarudi Afrika akachukua dhahabu ya Michezo ya Afrika pale Accra. Mechi za ligi ya vyuo hazitoi pointi za WTA, kwa hiyo ukimfuatilia kwa renki peke yake miaka hiyo ungeona pengo, wakati mwenyewe anacheza kila wiki, ana kochi, ana viwanja, anakua. Nawaza sana hili nikiona vijana wetu wa Dar wanaojifunza Gymkhana, tenisi ni mchezo wa gharama kubwa na njia ya kwenda juu kwa mtoto wa huku hainyooki kama ya mtoto wa Ulaya. Kwenye gemu ukianza na mchezaji wa Tanzania utaliona, nyumbani hamna mashindano mengi ya kumpa pointi, pesa yako yote inaishia kwenye ndege.

Uwanja nao uangalie, kwa ufupi. Udongo, nyasi na sakafu ngumu ni michezo mitatu tofauti, na kalenda haigawi sawa: nyasi ni wiki chache tu kati ya Juni na Julai, udongo mkubwa ni Aprili mpaka mwanzoni mwa Juni, iliyobaki karibu yote ni sakafu ngumu. Usichanganye takwimu. Mchezaji wa udongo akifungwa mechi nne za nyasi hajashuka, amehama tu mchezo. Mimi kwenye daftari naweka rangi tatu za kalamu.

Na uchovu. Huu ni kama LUKU, kila mechi inakula yuniti na kila safari inakula yuniti, na ukipanga wiki sita mfululizo taa inazima katikati ya seti ya tatu. Ukiona asilimia ya pointi inashuka, kwanza angalia amecheza wiki ngapi bila kupumzika kabla hujaanza kumlaumu kochi. Yule kijana wa dogo alikuwa amecheza wiki saba mfululizo kabla ya ule msuli wa paja.

Laptopu ilizima kabla hatujamaliza kalenda ya mwaka unaofuata. Tukamalizia kwenye karatasi: wiki mbili za mapumziko, halafu Challenger za sakafu ngumu za kati, sio zile kubwa kabisa wala sio kurudi M15, na mwezi wa nane aende tena zile wiki za US Open ambako safari hii hana cha kutetea zaidi ya zile pointi 30. Juzi kanipigia, kwenye gemu ni Machi, renki bado ni 351, akaniambia hiyo hajaiangalia hata, Elo imefika 1,738 na asilimia ya pointi ni 50 na nusu, wapinzani walewale.

Umeme ukirudi jioni hii tunaangalia sevu yake ya pili, yaani gemu nyingine aliyoihifadhi, maana huko ndo anakopoteza.